Mkalimani wa Mgeni

Ilikuwa yapata saa tano za usiku, Jumanne moja ya Agosti 2023, baridi ya Nairobi ikipenya katika nyufa za dirisha la bweni, wakati mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alipogundua kwamba kitufe alichokihitaji kuliko kitu kingine chochote kilikuwa nje ya kiwambo. Hakikuwa kimefutwa. Kilikuwa chini ya ukingo, mahali ambapo jicho halifiki na mshale wa kipanya hauendi. Maandishi yaliyobaki juu yalikuwa manene na mabaya, rangi zimepungua hadi kumi na sita tu, na picha ya mashua iliyokuwa ikipamba kiwambo ilikuwa imegeuka mabaka ya kijani na zambarau. Kitufe chenyewe ndicho kilichokuwa na kazi ya kuyatoa maneno yote ya kamusi yake na kuyaweka katika faili la maandishi ya kawaida. Msimamizi wake alilitaka faili hilo Ijumaa.

Mashine aliyokuwa akiipigania haikuwa mashine ya kushikika. Kipakatalishi chake kiliendeshwa na Ubuntu; ndani ya Ubuntu kulikuwa na programu iitwayo VirtualBox; na ndani ya VirtualBox kulikuwa na Windows XP nzima, pamoja na diski yake, kumbukumbu yake na kiwambo chake, vyote vikiwa vya kuigizwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na si busara kuiacha ikizurura mtandaoni. Walakini, programu ya kutungia kamusi iliyorithiwa na mradi wa idara yake iliandikwa katika enzi hiyo, nayo ilikataa katakata kufanya kazi kwingineko. Mtafiti aliyemtangulia ndiye aliyeijenga mashine hiyo ya kuigizwa mwaka wa 2016, akamwachia katika diski ya kuhamishika kama mtu anayemwachia mdogo wake shamba.

Wazo la kuiweka tarakilishi moja ndani ya nyingine si geni. Kampuni ya IBM ililishughulikia tangu miaka ya 1960, na mwaka wa 1972 ikatangaza mfumo wa VM/370 uliowawezesha watumiaji wengi kila mmoja kujiona kana kwamba ana tarakilishi yake peke yake. VirtualBox yenyewe ilitoka mwaka wa 2007 mikononi mwa kampuni ya Ujerumani iitwayo Innotek, ikanunuliwa na Sun Microsystems mwaka wa 2008, kisha Sun yenyewe ikamezwa na Oracle mwaka wa 2010. La muhimu hapa ni msamiati wake. Tarakilishi halisi huitwa mwenyeji, na ile ya kuigizwa huitwa mgeni. Hayo ni maneno ambayo hayakuhitaji kamati yoyote ya istilahi kuyapasisha. Mtoto wa chekechea anayajua, na anajua pia kwamba mgeni hali chakula ambacho mwenyeji hakupika.

Mwanafunzi huyu mwenyewe alikuwa amewahi kuwa mgeni. Alizaliwa na kulelewa Vihiga, Kiswahili chake kikiwa cha darasani na vitabuni, sanifu kiasi cha kuwachekesha wavuvi. Katika utafiti wake alikwenda Vanga, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya karibu na mpaka wa Tanzania, kukusanya maneno ya vyombo vya baharini na uvuvi katika lahaja ya Kivumba. Mzee aliyempokea alikuwa amelitumikia bahari tangu utotoni. Alizijua sehemu za chombo, omo hadi tezi, foromali hadi ngama, kama mtu anavyovijua vyumba vya nyumba yake, lakini alizungumza upesi na hakuona sababu ya kupunguza mwendo kwa ajili ya mtu wa bara. Hivyo basi mjukuu wake wa kike, msichana wa shule, akawa anakaa katikati yao. Babu alinena, msichana akageuka, akasema, "Babu asema hivi," kisha akayasema yaleyale kwa Kiswahili cha redioni. Siku moja msichana alichelewa kurudi, na mtafiti na babu wakakaa alasiri nzima, kila mmoja akisema na kila mmoja akisikia, wala pasipatikane neno hata moja la kuandika. Waliishia kunywa kahawa. Hapana aliyekuwa na kasoro kati yao. Aliyekosekana ni yule wa katikati.

Babu huyo alifariki dunia Februari 2023. Madaftari ya nyanjani yalikuwa yameloa maji ya chumvi katika safari ya mashua, kurasa zikashikana. Kilichobaki ni vidahizo 1,312 vilivyoingizwa katika ile programu kongwe, na nakala ya mwisho iliyohifadhiwa kwingine ilikuwa ya mwezi wa Machi, kabla hajaingiza hata nusu ya maneno. Msomaji aliyewahi kuandika tasnifu hatashangaa. Kila mwanafunzi anajua umuhimu wa nakala, na kila mwanafunzi ameahidi kuiweka wikendi ijayo.

Balaa lilianza kwa ushauri mwema. Jumatatu jioni alikuwa ameisasisha VirtualBox hadi toleo la 7.0. Alipoufungua ukurasa wa mipangilio, akaona onyo dogo chini: kidhibiti cha michoro cha mashine hii si kile kinachopendekezwa, tafadhali fikiria kukibadilisha. Kilichokuwapo kiliitwa VBoxVGA. Kilichopendekezwa kiliitwa VMSVGA. Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, akatii. Windows XP ilipoamka ikatangaza kwamba imeona kifaa kipya na kuomba diski ya kiendeshi chake. Hakuwa nayo. Akakataa, na kiwambo kikafunguka kikiwa kimenywea hadi vitone 640 kwa 480.

Hapo ndipo alipofanya wanalolifanya wengi usiku wakiwa peke yao. Aliongeza kumbukumbu ya video kutoka megabaiti 16 hadi 128, kwa kuwa kikubwa daima huonekana kuwa bora kuliko kidogo. Aliweka alama katika kisanduku cha uharakishaji wa michoro ya pande tatu, asijue kinaharakisha nini. Kisha akaiweka upya ile diski ya Nyongeza za Mgeni, ambayo ndiyo humpa mgeni viendeshi vinavyomwezesha kuelewana na mwenyeji wake, akaizima mashine na kuiwasha. Hapana kilichobadilika. Alikuwa amegusa vitu vinne, na kufikia Jumanne usiku hakuweza tena kusema kwa hakika ni kipi kilichomponza. Kugusa si kosa. Kugusa vinne kwa pamoja ni sawa na tabibu anayemnywesha mgonjwa dawa nne na kisha kuuliza ni ipi iliyomfurukutisha.

Inafaa kusimama kidogo hapa kwa ajili ya neno lenyewe. Kile kinachoitwa kiendeshi hakiendeshi kitu. Walioliunda neno waliifuata sura ya neno la Kiingereza, wakapata kitu kinachofanana na dereva wa matatu. Kazi yake halisi ni ya yule msichana wa Vanga: hukaa kati ya mfumo wa uendeshaji na kifaa, akapokea agizo la jumla kama vile "chora dirisha hapa", akaligeuza kuwa maneno ambayo kadi fulani ya michoro, na si nyingine, huyaelewa. Ni mkalimani. Na katika mashine ya kuigizwa hali ni ya ajabu zaidi, kwa kuwa kadi anayoizungumzia mkalimani huyo haipo. Ni umbo tu lililotungwa na programu. Baadhi ya waandishi huiita mashine ya namna hii mashine pepe, kwa mkumbo wa barua pepe, na huenda hawakukumbuka kwamba pepe ni pia ile punje ya nafaka yenye ganda na isiyo na kiini. Ikiwa ni bahati, basi ni bahati njema; kadi ya michoro ya mgeni ni pepe hasa, ganda linaloitika likiitwa jina.

Jumatano asubuhi alikipeleka kipakatalishi kwa fundi mmoja wa mjini, kijana mchangamfu aliyekuwa akirekebisha simu tatu kwa wakati mmoja.

"Hii window imechoka, ndugu yangu," fundi akasema baada ya kuitazama kwa muda wa kunywa funda moja la chai. "Niachie saa moja tu. Nafuta yote, nakupigia nyingine mpya. Mia tano."

"Na kazi iliyomo ndani?"

"Kazi gani tena? Kwani hukuweka bakapu?"

Hakuwa fundi mbaya. Katika tarakilishi nyingi zinazopita mezani pake, kufuta ndiyo njia fupi, na wenye kazi za kuokolewa ni wachache. Mwanafunzi alikifunga kipakatalishi chake taratibu, akakitia katika mkoba, akaushika mkoba kwa mikono miwili hadi aliposhuka matatu karibu na chuo.

Maabara ya tarakilishi chuoni ilitunzwa na mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, ambaye wanafunzi wote walimwita Mama na hapana aliyekumbuka kumuuliza jina.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Usinieleze kwanza kilichoharibika. Nieleze kilichokuwa kikifanya kazi, na siku ya mwisho kilipofanya kazi."

Swali hilo lilimfungua kinywa. Alisimulia yote, pamoja na yale manne aliyoyagusa, hata lile la pande tatu alilolionea haya. Mama hakumlaumu. Aliizima mashine ya mgeni kwa utaratibu wake, kwa kuwa mipangilio ya michoro haibadilishwi mgeni akiwa macho, akatafuta lile faili lililobeba diski yake yote, gigabaiti 9 hivi, akalinakili katika diski ya pembeni. Walisubiri karibu robo saa wakiutazama mstari wa kijani ukitambaa. Ulipofika mwisho, Mama akasema, "Sasa tuna haki ya kukosea."

Alianza kwa kurudisha kimoja kimoja. Aliondoa alama ya uharakishaji wa pande tatu, akaiwasha mashine: hali ileile. Uharakishaji huo ndio unaomruhusu mgeni kuipitisha kazi nzito ya kuchora hadi kwenye kadi halisi ya mwenyeji, na mara nyingi kiwambo cha mgeni kikimetameta, kikirarukararuka au kikiwa cheusi, kuizima ndiyo njia ya haraka ya kujua ikiwa ugomvi uko upande wa mwenyeji. Safari hii haukuwa huko. Alirudisha kumbukumbu ya video hadi megabaiti 16: hali ileile. Kisha akachukua kalamu na karatasi. Kiwambo cha vitone 1,024 kwa 768, kila kitone kikichukua baiti nne za rangi, huhitaji baiti 3,145,728, yaani megabaiti tatu kamili. "Ulikuwa na debe zima kwa kibaba cha unga," akasema. "Njaa haikuwa hapo."

Kisha alifungua faili la kumbukumbu za matukio, lile ambalo VirtualBox huandika kila mgeni anapoamka na ambalo watu wengi hawalisomi kwa sababu ni refu na limejaa namba. Mama hakulisoma lote. Alitafuta mstari mmoja tu, ule unaotaja mgeni ni wa aina gani. Palikuwa pameandikwa Ubuntu.

"Nani alimbatiza huyu?" akauliza, akacheka hadi miwani ikamdondoka.

Kumbe mwaka wa 2016 yule mtafiti wa kwanza, alipokuwa akiijenga mashine, aliiandikisha kuwa ni Linux, pengine kwa haraka, kisha akaweka Windows XP ndani yake. Kosa hilo lililala miaka mingi bila kumdhuru mtu, maana matoleo ya zamani ya VirtualBox yalikuwa yakiwapa wageni wao wote kadi moja ya kuigizwa, na XP ilikuwa na mkalimani wa kadi hiyo. Kuanzia toleo la 6.0 la Desemba 2018, VirtualBox ilianza kuchagua kadi kulingana na aina ya mgeni. Kwa wageni wa Linux ikapendekeza VMSVGA, inayoiga kadi ya kuigizwa ya VMware, kwa sababu kiini cha Linux kina mkalimani wake tayari. Ushauri ule wa Jumatatu, basi, ulikuwa sahihi kabisa. Aliyepewa ndiye hakuwa yeye. Programu ilisoma jina mlangoni, ikapika chakula cha mwenye jina hilo, na aliyeketi mezani alikuwa mtu mwingine.

Ili mwanafunzi alione kwa macho yake, Mama alimfungulia orodha ya vifaa ndani ya Windows XP. Palikuwa na alama ya kuuliza ya manjano ubavuni mwa kidhibiti cha video. Alipoiingia zaidi, zikaonekana namba mbili: 15AD na 0405. Kila kadi ya michoro, ya kweli au ya pepe, huulizwa mgeni anapoamka: umetengenezwa na nani, na wewe ni nani? Hujibu kwa namba mbili, moja ya mtengenezaji na nyingine ya kifaa. Mfumo wa uendeshaji hupita kwa viendeshi vyake ukiuliza ni nani azijuaye namba hizo. Kiendeshi kilichokuwa kimelala ndani ya XP hii tangu 2016 kilifundishwa kuitikia 80EE na BEEF. Hiyo ya pili ni namba halali katika hesabu ya msingi wa kumi na sita, ambako herufi A hadi F nazo ni tarakimu, na yeyote ajuaye Kiingereza ataona kwamba mhandisi aliyeichagua alikuwa akiwaza nyama ya ng'ombe. Kiliposikia 15AD, kikanyamaza. Hata kukiweka upya mara kumi kusingesaidia. Kilikuwapo tangu awali, kikiwa kizima, kikimsubiri asiyekuja.

Na mgeni akikosa mkalimani hafi. Hurudi kwenye ile lugha ya kimsingi ambayo takriban kila kadi huielewa, lugha ya VGA iliyoletwa na IBM mwaka wa 1987: vitone 640 kwa 480, rangi kumi na sita. Ni kama wale wawili na kahawa yao pale Vanga. Husalimiana, huelekezana kwa vidole, lakini kamusi haiandikiki.

Wavuvi husema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mama aliizima mashine kwa mara nyingine. Katika sehemu ya aina ya mgeni aliandika Windows XP. Katika kidhibiti cha michoro alirudisha VBoxVGA. Kisanduku cha pande tatu alikiacha kitupu, kwa kuwa kamusi haina haja ya pande tatu. Onyo lile la chini likatoweka lenyewe, likiwa limeridhika na jina jipya. Aliusogeza mkono pembeni, akamwachia mwanafunzi abonyeze.

Kiwambo cheusi. Nembo ya Windows. Kiwambo cheusi tena, kwa muda uliozidi kidogo ule ambao moyo ungependa. Kisha ikaja mashua, tanga lake jeupe, bahari yake ya buluu, na madirisha yakajinyoosha hadi vitone 1,024 kwa 768 kama mtu aliyeshushwa mzigo kichwani. Mwanafunzi alifungua programu ya kamusi. Chini kabisa, upande wa kulia, kilikuwapo kitufe.

Mama alimwonyesha pia, kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo, kwamba hata katika hali ile ya rangi kumi na sita angeweza kulisogeza dirisha juu kwa vitufe vya kibodi pekee hadi kitufe kijitokeze, bila kumsumbua fundi wala yeyote. Mwanafunzi aliitikia kwa kichwa. Kuna mambo ambayo ni afadhali kuyajua Alhamisi kuliko kukumbuka kwamba hukuyajua Jumanne.

Faili lilitoka baada ya sekunde chache. Alihesabu mistari: vidahizo 1,312. Alilihifadhi katika kipakatalishi, katika diski ya pembeni na katika barua pepe aliyojitumia mwenyewe, huku Mama akimtazama asiseme neno. Kisha alianza kulipitia, akitafuta herufi zilizoharibika, akishuka kutoka A taratibu. Alipofika N akasimama. Chini ya kidahizo ngama palikuwa na maana ya kwanza, ile ya sehemu ya ndani ya chombo ambako maji hukusanyika kabla ya kufuliwa. Nafasi ya maana ya pili ilikuwa tupu. Katika safu ya maelezo alikuwa ameandika yeye mwenyewe, katika alasiri asiyoikumbuka: Babu amecheka, hakueleza. Muulize tena.

"Kuna kilichopotea?" Mama akauliza kutoka meza ya pili.

"Hapana, Mama. Vyote vimo."

Kishale kilikuwa kikipepesa mwishoni mwa sentensi ile. Aliiacha kama ilivyo, akaendelea hadi O.